Jin ya Mtarakwa

Hadi Ijumaa ile ya Jeddah, Zephania Amukoya alikuwa hajawahi kumeza pombe, hata ile inayotiwa kwenye dawa ya kikohozi. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, Mluhya wa Vihiga, na hajui pombe ina ladha gani. Kwao jambo hilo lilichukuliwa kama ulemavu, na watu walimhurumia kwa heshima. Lakini harufu yake aliijua kuliko mkaguzi yeyote wa serikali, kwa sababu alilelewa ndani yake.

Nyanya yake, Rasoa, alipika chang'aa nyuma ya kanisa la Friends, ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba waumini wakiinamisha vichwa kumsubiri Roho walikuwa wanapokea na mvuke, na hakuna aliyejua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichowatoa machozi. Rasoa mwenyewe aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama, na hakuruhusu mjukuu aguse tone. Mjukuu aliruhusiwa kunusa tu. "Njoo unipe pua," ndivyo alivyomwita, na Zephania angeinama juu ya kikombe na kusema kama yale matone ya kwanza, makali, yanayoharibu macho ya watu, yamekwisha kupita. Hakukosea hata siku moja, ndiyo maana kijiji kile hakikuwa na vipofu wa ghafla kama vya jirani. Chifu alimkamata Rasoa mara tatu. Mara ya tatu alikuja na watu wa televisheni, akayapiga teke mapipa ya kangara, ule mchanganyiko uliochachuka kabla ya kupikwa, mbele ya kamera mpaka suruali ikalowa magotini. Rasoa akakaa korokoroni siku mbili, akaachiliwa, na Jumamosi hiyohiyo chifu akamtuma mtu na jerikeni.

Pua hiyo ndiyo iliyopanda ndege. Zephania alikuwa na diploma ya teknolojia ya vyakula, na ajenti wa Nairobi alimpatia mkataba wa fundi wa maabara katika kiwanda cha sharubati huko Al-Sulay, Riyadh, katikati ya maghala na malori. Alipopewa ikama, kibali chake cha ukaazi, kazi iliyoandikwa ilikuwa dereva wa nyumbani. Zephania hajui kuendesha hata toroli. Alipouliza aliambiwa mafi mushkila, hakuna shida, hiyo ni karatasi tu. Na ni karatasi kweli, ila tofauti yake iko hivi: fundi wa kiwandani siku hizi anaweza kujiombea ruhusa ya kutoka nchini, lakini dereva wa nyumbani anatolewa na kafili wake, bosi aliyemdhamini, kwa kidole, kwenye simu. Kwa hiyo kwa miaka saba, safari ya Zephania ya kwenda kwao ilikuwa ikilala kwenye mfuko wa kanzu ya mtu mwingine.

Mwenye kanzu alikuwa Abu Lami, mwenye kiwanda. Mtu mcheshi. Hakuwahi kumpiga mfanyakazi wala kupaza sauti, na alimwita Zephania "doktor". Pale Manfuha, kwenye chumba cha vitanda sita alikoishi Zephania, Wakenya wenye mabosi wa kutupa viatu walimwonea wivu. Hawakujua. Bosi wa kutupa viatu unasikia anakuja. Abu Lami alitabasamu hata alipokuwa akikukatalia, na unatoka ofisini ukishukuru, unafika kwenye ngazi ndipo unakumbuka umekataliwa.

Zephania alimwacha binti yake Valary ana miezi kumi na mmoja. Sasa yuko darasa la pili, na kwenye simu alimwita Zephania "uncle" mpaka mama yake amkumbushe. Mkataba ulikwisha mwaka juzi. Kila alipoomba kutoka, Abu Lami alikuwa na jambo moja dogo la kumalizia kwanza.

Mwezi wa nne, Abu Lami akarudi kutoka Japani na jambo dogo jipya.

Alikwenda kutazama mashine za kujaza chupa, akasema, na wenyeji wake wakampeleka Kyoto kwenye kiwanda kidogo cha pombe ya jin. Hakunywa. Alinusa tu. Alilisema hilo mara nne, na Zephania akaitikia mara nne. Chupa haipiti uwanja wa ndege wa Riyadh, lakini kitambaa cha mkono kinapita, na Abu Lami alikuwa amekidondoshea matone matatu, akakifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaupachika mfuko ndani ya soksi na soksi ndani ya kiatu. Sasa aliufungua juu ya meza ya maabara taratibu, kama anafungua masalia ya mtakatifu.

"Nipe," akasema. "Ina nini?"

Zephania akainama. "Mbele kuna ndimu, lakini si ndimu ninayoijua. Nyuma yake majani, halafu mbao mbichi." Akainama zaidi. "Chini kabisa kuna mchele, bosi."

Abu Lami akapiga makofi. Akaeleza alichokiona huko: Wajapani hawakuiga jin ya Waingereza. Wamechukua pombe yao ya kienyeji, ya mchele au ya viazi vitamu, ambayo mababu zao waliipika vijijini, wakaikeneka upya, kuivukiza na kuipoza, pamoja na ndimu yao ya yuzu, majani ya chai, pilipili yao ya sansho na vipande vya mti wanaojengea mahekalu. Wakaitia kwenye chupa nzuri kama ya manukato na kuifunga utepe. Mataifa yanapanga foleni.

Zephania alisikiliza akimfikiria Rasoa. Pombe ya kienyeji, ya viazi vitamu, kijijini, na mambo ya kiroho ukutani. Kumbe chifu alikuwa anapiga teke urithi wa taifa, na kilichokosekana ni utepe tu.

"Nataka hii," Abu Lami akasema, "lakini yetu. Waridi la Taif. Ndimu nyeusi. Arari ya milima ya Asir. Na chini, badala ya mchele, tende. Sifuri, doktor. Sifuri nukta sifuri, hapa ni Riyadh. Lakini inuke hivi." Kisha akatoa simu, akafungua ukurasa wenye jina la Zephania kwa Kiarabu na kitufe cha kijani chini yake. "Nipe harufu hii, na siku ya uzinduzi nabonyeza. Unaenda kwa mtoto wako."

Zephania alikitazama kitufe kile kama mtu anayetazama sahani ya nyama dirishani mwa hoteli. Kilikuwa kidogo kuliko ukucha.

Magunia ya arari yalipofika, alifungua la kwanza akacheka peke yake. Ulikuwa mtarakwa. Ule ule wa nguzo za ua, wa kabati la nguo za mama yake, uliosafiri peke yake mpaka milima ya Asir na kuota huko bila mtu kuuliza ikama yake. Mtambo nao haukuwa mgeni: chungu cha shaba cha kukeneka waridi, kikuukuu, kilichotoka Taif kwa jamaa za mama yake Abu Lami, chenye tumbo, shingo na bomba linalopita kwenye maji baridi. Ungekiweka nyuma ya kanisa la Friends, Rasoa angewasha moto chini yake bila kuuliza swali.

Alikeneka kwa maji wiki sita. Iliyotoka ilinuka kama sabuni ya choo cha hoteli. Abu Lami alikuja kila Alhamisi, akanusa, akatabasamu, akasema, "Bado, doktor." Na kila "bado" ilikuwa wiki nyingine ya Valary kumwita uncle. Tatizo lilikuwa chini. Juu kulikuwa na waridi, ndimu na mtarakwa, chini hamna kitu, nyumba nzuri isiyo na sakafu.

Idi kubwa ikakaribia, kiwanda kikawa kinafungwa siku tisa. Siku ya mwisho Zephania aliloweka tende na mbegu za mtarakwa kwenye pipa la buluu, zipate kulainika. Maji yakatoka machungu kama dawa ya minyoo. Na hapa ndipo mikono yake ilipofanya kazi bila kumwuliza. Kwao, viazi vikiwa vichungu, Rasoa alitia wimbi. Sio wimbi lolote, wimbi lililooteshwa, likakaushwa, likasagwa, lile lile la uji wa mtoto. Zephania alikuwa nalo kwenye begi. Dada yake Emmaculate, aliyekuwa akifanya kazi za ndani Jeddah, aliagiza paketi moja kutoka nyumbani kupitia mwanamke aliyetoka likizo, akamtumia kaka yake Riyadh, na Zephania alipika uji wake hapo hapo kiwandani kila asubuhi. Basi akatia konzi tatu. Simu ilikuwa begani, Valary alikuwa anamsimulia jino lililong'oka, na mikono ikatia konzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ikajipangusa kwenye suruali.

Hapakuwa na mtu mwingine stoo. Juu ya mlango palikuwa na kamera, lakini ilijaa vumbi la dhoruba ya mwezi wa tatu na kitaa chake chekundu kilikuwa kimekufa tangu siku hiyo. Zephania akafunika pipa kwa kitambaa, akafunga mlango. Mlinzi akazima viyoyozi vyote vya kiwanda, kwa amri ya bosi, ili umeme usiliwe bure sikukuu nzima.

Siku tisa, mwezi wa sita, Riyadh.

Aliporudi na kufungua mlango, alisimama kizingitini kama mtu aliyeitwa kwa jina. Njoo unipe pua. Pipa lilikuwa linazungumza kidogokidogo, povu limenyanyua kitambaa. Hakuhitaji kuinama. Wimbi lilikuwa limechachusha tende. Ilikuwa kangara, bora, ya kupigwa teke mbele ya kamera, ndani ya kiwanda cha Mwislamu, katika nchi ambayo mtu akikamatwa na lita moja anatajwa kwenye maombi huko kwao kwa miaka mingi. Akakimbilia mpira wa maji aimwage.

Akarudi na mpira akamkuta Abu Lami ameinamia pipa.

Bosi alikuwa na kanzu mpya ya Idi na harufu ya udi. Alikaa hivyo muda mrefu, mikono nyuma. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umetulia mno.

"Ndiyo," akasema. "Hii ndiyo sakafu."

"Bosi, imeharibika. Imechachuka. Naimwaga sasa hivi."

"Imeharibika vipi, doktor? Umewahi kunywa pombe wewe?"

"La, bosi."

"Mimi pia la." Akatabasamu. "Basi sisi wawili hatuwezi kujua. Keneka."

Zephania alikeneka kwa siku mbili. Alifunga maungio ya shaba kwa unga uliokandwa, kama alivyofundishwa. Matone ya kwanza aliyamwaga kwenye mfereji, kama alivyofundishwa. Kisha akachota kijiko kimoja, akawasha kiberiti. Mwali ulikuwa wa buluu, karibu hauonekani, nao ulikaa, ukakaa, ukakaa, mpaka akauzima kwa kiganja na kutazama nyuma.

Chupa arobaini. Kwenye kila moja waridi lilitangulia, ndimu nyeusi ikafuata, mtarakwa ukaja nyuma kama mzee anayeingia harusini, na chini kulikuwa na sakafu ya kutosha watu kucheza ngoma.

Abu Lami akaleta fomu ya maabara. Kipimo cha alkoholi cha kiwanda kilikuwa kimepelekwa kutengenezwa mwezi mzima uliopita na hakuna aliyekiulizia, kwa hiyo fomu ilitaka tu mtu mwenye ujuzi aandike. Kiwango, jina, namba ya ikama, sahihi, dole gumba. Bosi alishika fomu kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, ukurasa ule ule umefunguliwa. Ijumaa wageni wanaonja Jeddah, akasema, halafu halas, tumemaliza.

Zephania aliwaza. Chupa arobaini zitanywewa nyumbani kwa mtu, kwa faragha. Wazee watacheka na kusema sifuri hii ina baraka. Jumatatu yeye yuko Nairobi. Na isitoshe, karatasi gani ya maisha yake hapa iliyowahi kusema kweli? Yeye ni dereva. Akaandika sifuri, nukta, sifuri. Akatia dole.

Alhamisi alfajiri wakaondoka na gari la mizigo. Dereva alikuwa Jeremiah wa Kitui, ambaye kwa mujibu wa ikama yake ni mpishi. Abu Lami alitangulia kwa ndege. Baada ya saa sita za jangwa, Jeremiah akashusha kioo.

"Zeph, hii gari inanuka kama harusi ya kwetu."

"Ni sharubati."

"Hata kwetu tunaiita hivyo, pasta akiwa karibu."

Kabla ya mteremko wa Taif kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari kijana, mpole, akataka karatasi ya mzigo. Jeremiah akampa fomu. Askari akaisoma yote, akauliza Zephania ni nani. Zephania akainua mkono kama mtoto wa shule. Askari akamtazama, akatazama chupa kupitia mlango wa nyuma, akaomba ikama. Aliilaza juu ya fomu, akazipiga picha pamoja kwa simu yake, akazirudisha.

"Yalla," akasema, akawapungia wapite.

Jeremiah hakufanya utani tena mpaka Jeddah.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Al-Nuzha, ya dada yake Abu Lami, na ndiyo nyumba aliyokuwa akifanyia kazi Emmaculate. Zephania ndiye aliyemwombea kazi hiyo, miaka minne nyuma, na bosi alikubali siku ileile, kwa tabasamu. Kaka na dada walikuwa hawajaonana miaka miwili. Walikutana Ijumaa kwenye mlango wa nyuma wa jikoni, Emmaculate akamkumbatia, akamwambia amezeeka na kichwa kinang'aa, akapokea kreti ya kwanza. Akafungua chupa moja ili amimine kwenye jagi. Mkono wake ukasimama hewani.

"Zeph. Hii ni ya nyanya."

"Imeandikwa sifuri."

"Usinichezee. Mimi ndiye nilikuwa nachota maji ya kupozea bomba." Akanusa tena, akaweka chupa chini polepole. "Nani ameandika sifuri?"

Zephania akainamia kreti ya pili.

"Ni wewe umeandika. Na mimi ndiye wa kumimina. Hilo ulilifikiria, ama ulifikiria Nairobi pekee?"

Alikuwa amefikiria Nairobi pekee. Alimwambia kuhusu kitufe, kwamba bosi atabonyeza leo, na kwamba akifika nyumbani atatafuta njia ya kumtoa na yeye. Emmaculate alimsikiliza huku akipanga glasi kwenye sinia moja moja, na kila glasi ikigusa sinia alimkazia macho kaka yake. Kisha akamimina, kwa sababu sauti kutoka ndani iliita mara ya pili.

Wanaume waliokaa majlisi, sebule ya wageni wa kiume, baada ya chakula cha mchana walikuwa tisa, wenye maduka na hoteli za pwani. Glasi ya kwanza waliinywa kwa adabu. Ya pili mmoja alisema waridi la Taif halijawahi kutendewa haki hivi. Ya tatu mtu mmoja mnene alimkumbatia shemeji yake, ambaye walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wa shamba, na wote wawili wakalia. Mwingine akaimba. Sauti ya Abu Lami ilisikika ikieleza tena na tena kuwa hii ni sifuri, imepimwa, imetiwa sahihi, na aliyeipima ni mtaalamu kutoka Afrika. Kila alipolisema, kicheko kilipanda. Zephania aliyasikia hayo yote kutoka jikoni, amekaa juu ya kreti tupu, mikono katikati ya magoti.

Upande wa wanawake nao ukaomba sinia moja. Emmaculate akaipeleka. Alirudi bila sinia, uso umemwishia damu, na nyuma yake akafuata mama kabira.

Ndivyo wafanyakazi wote walivyomwita mama yake Abu Lami. Alikuwa amepita miaka themanini, na jikoni alikuwa hajaingia tangu magoti yaanze kuuma. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, glasi mkononi, haijaguswa. Alizaliwa Taif, ndani ya moshi wa waridi. Alizungumza chini chini, Emmaculate akitafsiri, ingawa Zephania alielewa kila neno.

"Anasema baba yake alikeneka waridi miaka sitini. Anasema maji ya waridi yanatulia ndani ya glasi. Haya yanapanda."

Zephania akasema ni mtarakwa, mama, mti mkali.

Mama kabira hakuonekana kusikia. Akamnyooshea glasi. "Kunywa," akasema, na hilo Emmaculate hakulitafsiri.

Kutoka majlisi mtu alikuwa anaimba wimbo wa mapenzi na wengine wakimpigia makofi. Zephania alijua hesabu ilivyo. Akikataa, amekiri. Akisema ni pombe, fomu ina dole lake, na aliyemimina ni dada yake. Alimtazama Emmaculate, aliyekuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Akapokea glasi, akainywa yote, mara moja, kama walivyokuwa wakifanya wateja wa nyanya yake.

Lilipita waridi, ikaja ndimu, zikaja nguzo za ua wa kwao, halafu moto. Machozi yakamtoka. Na lililomtisha zaidi ya yote ni kwamba ilikuwa nzuri. Miaka thelathini na tisa amekaa mlangoni, na ndani kumbe kulikuwa hivi.

"Ni nini?" mama kabira akauliza.

"Sharubati, mama."

"Sifuri?"

"Sifuri."

Kikongwe alimtazama machoni na kungoja. Hakuwa na haraka. Aliyatazama macho ya Zephania mpaka yalipoanza kuwa mekundu, akatazama shavu, akatazama mikono iliyoanza kulegea juu ya mapaja. Ndipo Abu Lami akaingia, naye mashavu yake yakiwa na rangi, akiuliza kwa furaha kulikoni huku. Mama yake akainuka. Akachukua ile glasi, akaisuuza mwenyewe, polepole, akaifudikiza. Kisha akamwambia mwanawe, bila hasira yoyote, kama mtu anayekumbusha kufunga geti:

"Mtu anayejua kutengeneza kitu hiki haachwi akaenda kukisimulia kwao."

"Sawa, mama," Abu Lami akasema, akambusu paji la uso.

Jumapili asubuhi Zephania alifika Al-Sulay na sanduku lake. Wenzake wa Manfuha walikuwa wamemsindikiza kwa maombi na zawadi za kupeleka makwao, viatu vya watoto na manukato ya bei ndogo. Safari nzima ya kurudi kutoka Jeddah alijiambia kwamba maneno ya kikongwe yalikuwa maneno ya kikongwe. Abu Lami ameahidi, na Abu Lami si mtu wa kutupa viatu.

Bosi alimpokea kwa chai. Akasema wageni wamefurahi mno. Akasema wameomba chupa elfu mbili kabla ya majira ya baridi. Zephania alishukuru, akasubiri, macho kwenye simu iliyolala mezani.

"Bosi, uliniahidi siku ya uzinduzi."

"Na nitatimiza, doktor. Ile ya Jeddah haikuwa uzinduzi. Walionja tu."

Akachukua simu. Zephania akaona ukurasa, jina lake, kitufe cha kijani. Dole gumba la Abu Lami likapita juu yake bila kugusa, likafunga ukurasa, likafungua kitu kingine. Akaigeuza simu.

Ilikuwa video ya kutoka juu, wazi kabisa, haina sauti. Stoo. Pipa la buluu. Mtu mwenye upara kidogo utosini, simu begani, anacheka na mtu asiyeonekana, anachovya mkono kwenye paketi. Konzi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Anajipangusa kwenye suruali. Kumbe kilichokufa ni kitaa tu. Jicho lilikuwa zima muda wote.

"Nilikuwa naitazama nyumbani siku ya Idi, nimekaa na watoto," Abu Lami akasema. "Nikajiuliza, doktor wangu anatia nini?" Akafungua droo, akaonyesha fomu ndani ya plastiki, sifuri nukta sifuri na dole la buluu, akaifunga tena kwa ufunguo. Hakutisha. Hakutaja polisi, wala gereza, wala dada wa mtu. Akamimina chai nyingine, akasukuma kikombe mpaka karibu na mkono wa Zephania.

"Ule unga," akasema. "Umebaki kiasi gani?"

Zephania alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa mkavu, na nyuma yake, mbali, bado kulikuwa na waridi.

"Nusu kilo, bosi."

"Mwambie dada yako aagize mwingine."

Alishuka ngazi na sanduku lake. Alipofika chini ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa amesema asante. Stooni fundi wa umeme alikuwa juu ya ngazi, anafuta vumbi kwenye kamera na kubadilisha kitaa. Kikawaka chekundu. Zephania akaliweka sanduku nyuma ya magunia ya mtarakwa, lisionekane mlangoni. Nyanya Rasoa alikamatwa mara tatu, akaachiliwa mara tatu. Akachukua brashi na mpira wa maji, akainama juu ya pipa la buluu, akaanza kuliosha, ndani, ukingoni, chini kabisa, vizuri, kama alivyofundishwa.